Bao la kete: jinsi ya kuongoza vita vya askari 64 bila kugombana

Wasikilizaji wetu wa Mbulu na Hanang wamekuwa wakituuliza kuhusu sheria za bao. Swali lililotusukuma kuandika maelezo haya lilitoka kwa mzee mmoja wa upande wa Dongobesh. Alituambia kwamba yeye na shemeji yake walicheza pamoja zaidi ya miaka kumi, kisha wakagombana kwa sababu ya shimo moja tu, lile linaloitwa nyumba. Sasa hawasalimiani hata wakikutana mnadani. Aliuliza: "Ninyi wa redio, nani ana haki?"

Jibu lake lipo hapa chini. Tumeona kwanza tueleze mchezo wote, kwa sababu vijana wengi siku hizi wanaona wazee wamekaa chini ya mti na hawajui kinachoendelea pale.

Bao ni mchezo gani?

Bao ni vita ya majeshi mawili inayochezwa na watu wawili. Hauna karata wala dadu, na hakuna bahati ndani yake. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili, kwa hiyo anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu.

Mchezo huu unajulikana pwani yote ya Waswahili, bara la Tanzania, Kenya, hadi Malawi, ambako huitwa bawo. Zanzibar ndiyo inayosifika zaidi kwa mafundi wake. Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao. Mtafiti wa Uholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mafundi wa Zanzibar, akajifunza kwao jinsi wanavyokumbuka na kupiga hesabu, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya ubingwa wao.

Uwanja na askari

Ubao una mashimo 32, yaani mistari minne ya mashimo manane. Kila mchezaji ana mistari miwili iliyo upande wake, jumla mashimo 16. Kete ni 64, kila mmoja 32. Pwani hutumia mbegu za mkomwe. Huku kwetu, asiye na komwe anaweza kutumia vijiwe au punje za mahindi, na asiye na ubao anaweza kuchimba mashimo ardhini.

Mstari wa mbele ndio uwanja wa vita. Kete zilizo hapo zinaweza kuliwa na mpinzani. Mstari wa nyuma ni akiba yako na hauliwi. Mashimo mawili ya mwisho wa mstari wa mbele, kulia na kushoto, huitwa vichwa. Kichwa pamoja na shimo linalofuata huitwa kimbi.

Shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako, katika mstari wa mbele, ndilo nyumba. Kwenye mbao nyingi limechongwa pembe nne ili litambulike.

Awamu ya kwanza: namua

Mwanzo, kila mchezaji huweka kete 6 kwenye nyumba, kisha kete 2 na 2 katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Hizo ni kete 10. Zilizobaki, 22, anazishika mkononi.

Kwa zamu, kila mmoja anaingiza kete moja katika shimo la mstari wa mbele lenye kete. Ikiwa shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, unakula zote zilizomo. Huziweki mfukoni. Unazigawa moja moja upande wako, kuanzia kichwani. Ukila kwenye kimbi, unaanza kutoka kichwa cha upande huo huo. Ukila katikati, unachagua mwenyewe kulia au kushoto.

Kete ya mwisho ndiyo inayoamua. Ikiangukia shimo tupu, umelala na zamu inaenda kwa mwenzako. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, unakula tena. Ikiwa hakuna cha kula, unachota zilizomo kwenye shimo hilo na kuendelea kugawa.

Kula ni lazima kama kunawezekana. Kama hakuwezekani, unatakata: unaingiza kete, unachota shimo hilo na kugawa kulia au kushoto. Katika zamu ya kutakata huli kitu hadi zamu iishe.

Tuchukue mfano wa hatua ya kwanza kabisa. Mwanzo wa mchezo majeshi hayatazamani, kwa hiyo anayeanza lazima atakate. Tuseme umeingiza kete kwenye shimo la kwanza kulia kwa nyumba. Sasa lina kete 3. Ukizigawa kwenda kushoto, ya kwanza inaingia nyumba, ya pili na ya tatu zinaangukia mashimo matupu yanayotazama kete za mpinzani. Umempa chakula. Ukizigawa kwenda kulia, moja inaongeza shimo la jirani, ya pili inakaa kichwani, ya tatu inaingia mstari wa nyuma na kulala. Hakuna hata moja iliyo hatarini. Ni kete zile zile tatu, lakini upande uliochagua ndio umeamua usalama wake.

Nyumba, na jibu la mzee wetu

Nyumba ni kambi kuu. Inabaki kuwa nyumba mradi ina kete 6 au zaidi na hujawahi kuichota. Hapo ndipo kete hujazana, kwa hiyo mpinzani akiila, mchezo unaweza kugeuka kwa zamu moja.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mzee alisema alikula, akagawa, kete yake ya mwisho ikaangukia nyumba yake, akalala. Shemeji akasema lazima aichote aendelee.

Kanuni ya bao la Kiswahili wakati wa namua ni hii:

- Kete ya mwisho ikiangukia nyumba yako na mbele yake kuna kete za kula, unakula.
- Kama hakuna za kula, na zamu hiyo ulikuwa umekula, uamuzi ni wako. Unaweza kulala hapo, au kuichota nyumba na kusafiri nayo. Ukisafiri, nyumba imekwisha. Shimo hilo linakuwa la kawaida.
- Kama ulikuwa unatakata tu, unalala. Huruhusiwi kusafiri.

Kwa alivyotueleza, na mbele ya nyumba hapakuwa na kete, mzee alikuwa na haki ya kulala. Lakini shemeji naye hakuwa mwizi. Yapo maeneo ambako watu wamezoea kucheza bila nyumba, na huko kila shimo linachotwa. Kosa lao wote wawili lilikuwa kutokubaliana kabla ya kete ya kwanza.

Awamu ya pili: mtaji

Mikono ikiisha kete, zote 64 ziko ubaoni. Hapo kila mchezaji anaanza zamu kwa kuchota shimo lake lolote lenye kete 2 au zaidi na kugawa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na la mpinzani mbele yake lina kete, unakula. Kula bado ni lazima. Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha kula.

Unashindwa ikiwa mstari wako wote wa mbele umebaki mtupu, hata kama nyuma una kete nyingi. Unashindwa pia ikiwa huna shimo lenye kete 2 la kuanzia.

Vita vya mezani kwingine duniani

Bao si mchezo pekee wa vita juu ya meza. Mwaka 1824, ofisa wa jeshi la Prussia, ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya Ujerumani, aitwaye von Reisswitz alitoa mchezo wa ramani na dadu wa kufundishia maofisa. Mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Humo mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anaongoza shujaa mmoja katika nchi ya kubuni, na dadu huamua kama pigo limempata adui.

Tatizo lao ni vita kubwa. Ukirusha dadu kwa kila askari kati ya 500, kutakucha hamjamaliza. Wasimulizi wazoefu huunganisha askari katika vikosi na kurusha mara moja kwa kikosi kizima. Mashujaa nao wanapewa kazi ambazo zinaweza kugeuza vita: kushika daraja, kufikisha habari, kumtoa jemadari aliyezingirwa.

Bao linafanya hivyo hivyo bila dadu. Huamuru kete moja moja. Unachota kikosi kizima, na unachopaswa kujua ni mahali kete ya mwisho itakapoangukia. Katika bao pia hakuna anayekufa: kete uliyoiteka inakuwa askari wako, na kesho yake inaweza kurudi kwa mwenyewe.

Anza na bao la kujifunza

Kwa watoto na wanaoanza, weka kete 2 katika kila shimo, zote 64, kisha anzeni moja kwa moja na mtaji. Hakuna nyumba wala kete za mkononi. Mtoto anayejua kuhesabu hadi 20 anaweza kuanza, wa kike na wa kiume. Kina mama wametuuliza kama bao ni la wanaume peke yao. Hakuna kanuni inayosema hivyo.

Kabla hamjaanza, kubalianeni mambo manne mbele ya watazamaji:

1. Tunacheza bao la Kiswahili au la kujifunza?
2. Nyumba ipo au haipo? Na ikibaki hadi mtaji, bado ina haki zake?
3. Kete ikishawekwa inarudishwa au hairudishwi?
4. Watazamaji wanaruhusiwa kusema?

La nne ndilo linaloleta kelele nyingi. Na tunashauri msiweke fedha. Mtu akishapoteza hela ya mbolea, hatakumbuka tena kanuni.

Mzee wa Dongobesh, tunajua unasoma haya kwa simu ya mjukuu wako. Haki ya kulala ulikuwa nayo. Mpelekee shemeji ukurasa huu, lakini nenda na ubao pia.