Historia ya Mafuta Yetu ya Magaga

Leo kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Tumeona tueleze habari ya mafuta ya magaga, maana wengi mnatujua kwa mafuta hayo kuliko kwa sanduku letu lenye kufuli tatu.

Kwanza tuanze na miguu yenyewe. Huku kwetu Kibondo na Kasulu, kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba ni kiangazi. Hewa ni kavu, vumbi ni jekundu, na mama anashinda shambani peku. Ngozi ya kisigino haina mafuta yake yenyewe. Ikikauka inakuwa ngumu, halafu uzito wa mwili na mzigo wa kuni unaipasua. Kati yetu wako waliokuwa hawaendi msibani kwa kuona aibu kuvua viatu mkekani.

Bibi zetu walijipaka siagi ya ng'ombe na mafuta ya mbarika. Nta ya nyuki ilikuwepo tele, kwa kuwa misitu yetu ya miombo ina asali nyingi. Lakini nta ilikuwa mali ya kuuza. Tangu enzi za Mjerumani ilisafirishwa kwenda Ulaya. Baadaye yakaja mafuta ya mgando ya dukani, na sisi tukasahau ya nyumbani.

Tulianza mwaka 2015, mwaka ule ule ambao kambi ya Nduta ilifunguliwa tena kupokea wakimbizi wa Burundi. Hisa zetu zilikuwa ndogo. Tukasema, tutengeneze kitu. Mara ya kwanza tulitumia mawese na nta. Visigino vililainika kweli, lakini shuka ziligeuka nyekundu, na akina baba walilalamika! Tukahamia mafuta ya mise, ambayo hayana rangi ile.

Mara ya pili tukatia maji ya mshubiri mbichi. Kumbe maji na mafuta havikai pamoja. Baada ya wiki chache vikopo viliota ukungu. Tukavitupa vyote, na fedha ilikuwa ya mfuko wa jamii. Siku hiyo kikundi kilikaribia kuvunjika. Wengine walidai hisa zao papo hapo. Tulikaa hadi jioni, tukakubaliana hasara tuibebe wote sawasawa, hata sisi viongozi tuliolisimamia jambo hilo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tangu hapo tunafanya hivi. Majani ya kivumbasi yanakaushwa kabisa kivulini, yanalowekwa kwenye mafuta ya mise, kisha yanachujwa kwa kitambaa safi. Nta inayeyushwa ndani ya sufuria ndogo iliyowekwa katika sufuria kubwa ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta inashika moto. Kijiko kimoja cha nta kwa vijiko vinne au vitano vya mafuta. Maji hayaingii hata tone. Mtu aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, asugue taratibu kwa jiwe, ajipake usiku na kuvaa soksi.

Tuseme pia ukweli. Mafuta haya yanalainisha ngozi, si dawa ya kidonda. Ufa ukitoa damu au usaha, au mtu ana kisukari, aende zahanati mapema.

Tena bado hatuna alama ya ubora. Tangu mwaka 2019 kazi ya vipodozi iko chini ya TBS, kwa hiyo hatuwezi kuweka vikopo vyetu madukani. Wanachama, hili ndilo la kuamua katika mkutano ujao: je, sehemu ya akiba yetu tuitumie kutafuta alama hiyo, au tuendelee kujipaka wenyewe? Sisi tunasema tusiogope, ila tuamue wote, kama tulivyoamua siku ile ya ukungu.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote