Ekseli Kuukuu katika Nchi ya Mchanga: Ufundi wa Kuunda Matela katika Nyanda za Kati

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, fikira za wengi wetu huelekea kwanza kwenye ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Hivyo ndivyo ilivyo haki, kwani hayo ni sehemu kubwa ya urithi wetu. Walakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyoyatatua matatizo ya kila siku kwa vitu vilivyomo mikononi mwao. Katika nyanda za kati za nchi yetu, tatizo moja kubwa tangu zama za misafara hadi leo limekuwa ni kuchukua mzigo: mtama kutoka shambani, maji kutoka kisimani, kuni kutoka porini, na mgonjwa kutoka kitongojini hadi zahanati. Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za chombo kimoja kilichozaliwa na tatizo hilo, yaani tela la kukokotwa na maksai au punda, ambalo mafundi wetu huliunda kwa ekseli, magurudumu na vyuma vya magari yaliyokwisha kazi. Tutalilinganisha na vyombo vingine viwili vilivyoletwa Ugogo kutoka mbali, ili tupate kuona ni kwa nini hicho kilichoundwa kwa masalio ndicho kilichodumu.

Yafaa kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Dodoma iko katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Wakati wa kiangazi njia hujaa mchanga na vumbi jekundu, na makorongo hukauka yakabaki vitanda vya mchanga mtupu. Mvua zikinyesha, makorongo hayo hayo hufurika kwa saa chache, na udongo mweusi wa mbugani hugeuka tope linalonasa chochote kipitacho. Kando ya njia imejaa migunga yenye miiba. Chombo chochote chenye gurudumu kinachotaka kuishi hapa hakina budi kukubaliana na mchanga, tope na miiba kwa pamoja.

Katika karne ya 19 mzigo ulipita hapa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Njia kuu ya misafara kutoka pwani hadi Unyamwezi na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka jangwa la Marenga Mkali, kisha ikaingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa kila msafara. Utozaji huo ulikuwa na msingi wake: maji ya visima na chakula cha nchi yenye ukame si vitu vya kuchukuliwa bure na maelfu ya wapita njia.

Wageni wengi waliona kwamba gurudumu lingeondoa gharama ya wapagazi. Mwaka 1876 mmishenari Roger Price wa London Missionary Society alisafiri kutoka Saadani hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe wachache, naye akaridhika kwamba njia inapitika. Alikuwa na uzoefu wa kusini mwa Afrika, ambako magari makubwa ya maksai yalikuwa yamezoeleka. Mwaka uliofuata msafara wa magari ya namna hiyo ulianza safari, lakini ng'ombe walikufa njiani kwa maradhi yaenezwayo na mbung'o, na mpango ukavunjika. Gari lenyewe halikuwa bovu. Kosa lilikuwa ni kulihamisha zima zima, pamoja na mazoea ya nchi nyingine, bila ya kuijua vya kutosha nchi iliyo mbele.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya wapagazi ikafifia kando ya reli, lakini mkulima aliyekaa maili ishirini kutoka stesheni hakupata nafuu kubwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipojumlika na hasara hizo, Ugogo ikapatwa na njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wazee walioisimulia njaa hiyo walikuwa wakisimulia pia habari za mzigo wa kichwani, kwani nguvu za watu zilizotakiwa shambani ndizo zilizopelekwa vitani kubeba.

Chombo cha pili kilifika Kongwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula, iliamua kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu duniani, wakuu wa mpango walinunua mashine kuukuu zilizoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, na nyingi kati ya hizo zilifika zikiwa zimeharibika. Aidha kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua sehemu za vifaru vya kivita aina ya Sherman ikaziunda upya kuwa matrekta, yakaitwa Shervick, jina lililounganisha Sherman na Vickers. Ili kung'oa pori, minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili na kuburutwa.

Tukio hili latufaa sana katika mazungumzo yetu, maana Shervick nalo lilikuwa chombo kilichoundwa kwa viungo vya chombo kingine. Hatuwezi basi kusema kwamba kutumia masalio ni tabia ya maskini peke yao. Taifa lenye viwanda vikubwa lilifanya hivyo lilipobanwa na uhaba. Tofauti iko katika swali lililoulizwa kabla ya kuunda. Kifaru kiliundwa kwa ajili ya mapigano, wala si kwa kukokota mzigo mzito polepole mchana kutwa, mwezi hata mwezi. Na udongo wa Kongwa haukuulizwa habari zake. Mchanga wake ulizila haraka ncha za majembe, na mvua zilipokoma ardhi ikakauka ngumu mithili ya tofali, karanga zikanaswa ndani yake. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa kulimwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Wenyeji waliokuwa wakipanda uwele na mtama katika nchi hiyo, kwa sababu walizozijua vema, hawakushirikishwa katika uamuzi wowote.

Sasa tuje kwenye tela. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alisisitiza katika hotuba zake kwamba mkulima wa Tanzania atoke kwenye jembe la mkono aingie kwenye jembe la kukokotwa na maksai, badala ya kuyangojea matrekta ambayo taifa halikuwa na fedha za kuyanunua wala mafundi wa kuyatunza. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikusanya kaya zilizotawanyika kuwa vijiji. Watu walisogea karibu na shule, zahanati na visima, lakini wengi walijikuta mbali zaidi na mashamba yao. Hivyo haja ya chombo cha kuchukulia mavuno ikaongezeka.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, na kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, CAMARTEC, kiliundwa Arusha mwaka 1981. Lakini wakati huo huo, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni. Vipuri viliadimika, na magari mengi yakasimama juu ya mawe yakingoja spea ambazo hazikuja. Gari lililokufa injini bado lilikuwa na ekseli nzima, rimu nzima na springi nzima. Hapo ndipo akili ya fundi ilipoingia.

Si rahisi kuunda tela, kama mpita njia anavyoweza kudhani. Fundi huanza kwa kuchagua ekseli. Ekseli ya nyuma ya Land Rover za zamani imeundwa hivi kwamba uzito hubebwa na bomba la nje, wala si na shafti zilizomo ndani. Kwa hiyo fundi anaweza kuzichomoa shafti zote mbili pamoja na meno ya difu, tela likapungua uzito, na magurudumu yakaendelea kuzunguka juu ya beringi zake. Gari nyingi ndogo ni vinginevyo: gurudumu limefungwa kwenye ncha ya shafti yenyewe, na ukiichomoa shafti, gurudumu huja nayo. Akipata ekseli ya mbele, tatizo hugeuka. Magurudumu ya mbele yameumbwa ili yakate kona, naye hana budi kuyachomelea yasimame imara. Fundi ambaye hajasoma maelezo ya kiwanda ameyafahamu hayo kwa kufungua, kutazama na kufunga tena.

Baada ya ekseli hufuata kiunzi, ambacho huchomelewa kwa vyuma vya pembe au mabomba, au huundwa kwa mbao ngumu pale ambapo umeme haupo. Hapa suala kubwa ni mizani. Ekseli ikikaa nyuma mno, mzigo huelemea mbele na nira huwaumiza maksai shingoni. Ikikaa mbele mno, mti wa nira huinuka na wanyama hukabwa koo. Kwa hiyo fundi huipanga ekseli karibu na kati ya bodi, akiacha uzito kidogo tu upande wa mbele. Matairi mapana huelea juu ya mchanga kuliko membamba, na beringi hujazwa grisi na kuzibwa vizuri, kwani mchanga ukiingia humo hazidumu. Kila jambo katika orodha hii limeamuliwa na nchi tuliyoieleza hapo juu.

Ufundi huu una ndugu zake. Tairi lililochakaa hukatwa likawa katambuga, viatu ambavyo mwiba wa mgunga hauvipenyi kwa urahisi. Springi ya lori hupelekwa kwa mhunzi ikafuliwa kuwa panga au kisu, kama vile wahunzi wa kale walivyolifua upya jembe lililokwisha. Fikira ni ile ile ya zamani, ila chuma ndicho kipya.

Wapo wasemao kwamba hii si teknolojia bali ni umaskini. Hatuwezi kulikana jambo hilo lote, kwa sababu uhaba ndio uliowasukuma mafundi. Lakini na tutazame kwingine. Mwaka 1964, huko California, Bruce Meyers aliunda gari dogo la kupita mchangani, Meyers Manx, kwa kutumia injini na viungo vya Volkswagen ndogo. Mwaka 1967 gari la aina hiyo lilishinda mashindano makubwa ya jangwani katika rasi ya Baja California, nchini Meksiko. Wengine wakafuata kwa kuunda magari ya kiunzi cha mabomba matupu, yenye injini na ekseli za magari makuukuu. Mwaka 2014 gari la kwanza la Meyers liliingizwa katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Huko kazi hiyo inaitwa ubunifu na kuhifadhiwa. Kwetu, afanyaye kazi ya akili ile ile chini ya mti huitwa mwenye gereji bubu.

Hata hivyo, kusifu kusitufanye tufumbe macho. Matela mengi hayana breki wala taa, nayo huhatarisha maisha yanapopita usiku kwenye barabara ya lami. Tena, mara nyingi tela ni mali ya mwanamume. Linapokwenda gulioni na magunia, mama wa nyumba hiyo hiyo huenda bado anabeba ndoo ya maji kichwani. Chombo kilichokusudiwa kuondoa mzigo hakijauondoa kwa wote sawasawa, na hilo halitatatuliwa na fundi peke yake.

Taifa limewahi kuonyesha kwamba linaweza kuipa fikira hii nafasi kubwa. Kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, huko Kibaha, kilianzishwa ili Watanzania waunde magari yao wenyewe kwa mahitaji ya nchi yao. Lakini kati ya kituo kama hicho na fundi wa kijijini pana pengo, na mahali panapofaa kuliziba ni shuleni. Mwalimu wa fizikia anayefundisha nyenzo na mizani anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kupima umbali kati ya ekseli na nira, na kukokotoa uzito unaozikalia shingo za maksai. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wakaulize ekseli ya kwanza kijijini ilitoka katika gari gani, mwaka gani, na nani aliichomelea. Majibu hayo hayajaandikwa popote, na mafundi wa kwanza sasa ni wazee. Kazi ya kuyaandika ni yetu, na wakati wa kuianza ni sasa, wangali hai.