Changuu, Kisiwa cha Kungojea

Changuu iko kilomita tano na ushee kutoka Mji Mkongwe wa Unguja, na bahari ikiwa imetulia boti hukufikisha kwa muda usiozidi nusu saa. Wageni watatu niliopanda nao Forodhani walikuwa wamelipia kwenda "Prison Island", na nahodha alipoongea nao alilitumia jina hilohilo. Aliponigeukia mimi, kisiwa kikarudi kwenye jina la samaki wake. "Dada, ukifika Changuu usikimbilie kobe," akasema. "Zunguka kwanza upande wa karantini, huko hakuna watu."

Karantini ndiyo iliyonipeleka. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu afya na bandari za pwani yetu, na nilikuwa nimechoka kusoma habari za kisiwa hiki bila kukikanyaga.

Tuanze na gereza, maana ndilo linalouza tiketi. Lilijengwa kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyefika Unguja akiwa luteni wa jeshi la wanamaji, akapewa kuunda jeshi la Sultani, na mwaka 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar. Serikali ilikinunua kisiwa mwaka 1893 ili wafungwa wakae mbali na mji. Kuta zikapanda, lakini wafungwa hawakuja. Jengo likapewa kazi nyingine kabla halijafanya ile ya kwanza.

Ipo pia simulizi ya zamani zaidi: kwamba katika miaka ya 1860 Sultani Majid alikitoa kisiwa kwa Waarabu wawili, nao wakawa wanawafungia hapa watumwa wakaidi kabla ya kuwauza. Mtembezaji wetu alikaa sana kwenye simulizi hiyo, na alipofika kwenye majengo ya Mathews hakubadilisha sauti wala kutaja kwamba tumeruka miongo mitatu. Wale wageni wakasimama kwenye mlango wa gereza, wakaweka mikono nyuma kama waliofungwa kamba, wakapigana picha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 20 kabla ya kuta hizo. Sikuwaona kama watu wabaya. Walikuwa wameuziwa uchungu, wakaelekezwa kwenye jengo ambalo uchungu huo haukupita, na waliouonja kweli hawakuachiwa jengo lolote la kupigia picha.

Kilichotokea hapa kwa hakika ni kungojea. Meli zilizotoka India zilisimamishwa, abiria wakashushwa Changuu na kukaa kwa wiki moja hadi mbili, mpaka ithibitike kwamba hawakubeba ugonjwa. Vitabu vya watalii hupenda kutaja homa ya manjano. Mimi nina shaka na mkazo huo: homa ya manjano haikuwa ugonjwa wa India, na aliyekuwa akiitazama meli ya Bombay baada ya mwaka 1896, tauni ilipolipuka huko, alikuwa na sababu nyingine kabisa ya kuogopa. Unguja yenyewe ilikuwa na kumbukumbu mbichi. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu, na James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi hapa, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876.

Meli hizo zilikuwa na msimu, kama majahazi yaliyozitangulia. Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, kisiwa kilijaa. Miezi mingine kilikuwa kitupu, na hapo ndipo watu wenye nafasi mjini walipoanza kuvuka kuja kupumzika na kuogelea. Nilipolielewa hilo nililazimika kuiangalia hoteli upya. Nilikuwa nimejiandaa kuikasirikia, kama wanafunzi wa historia tunavyozikasirikia hoteli zote zilizokalia majengo ya kale. Lakini starehe Changuu haikuja juzi pamoja na utalii. Ilipokezana na karantini mwaka hadi mwaka, kaskazi kwa kusi, kisiwa kilekile, ufukwe uleule. Aliyeamua tofauti alikuwa daktari wa bandari, na daraja la tiketi yako.

Machi 2020 serikali yetu iliagiza wasafiri waliotoka nchi zenye maambukizi makubwa ya korona wakae karantini siku 14 kwa gharama zao. Binamu yangu alikuwa ametoka kazini Dubai. Akawekwa hotelini Dar es Salaam, chumba kinachotazama bwawa la kuogelea lililofungwa, na chakula kikaachwa mlangoni. Akiba aliyokuja nayo ya kumalizia nyumba ya mama yake iliishia humo. Hakuugua. Mpaka leo ukimtajia hoteli hucheka kwa namna isiyofurahisha. Nilimkumbuka nikiwa upande ule wa karantini nilioambiwa hauna watu, nikihesabu madirisha yanayotazama mji. Kutoka pale Mji Mkongwe unaonekana wazi: paa, minara, meli zilizotia nanga. Abiria wa Bombay aliyekuwa na duka au mke ng'ambo ile aliweza kuuona mji kila asubuhi kwa wiki mbili asiruhusiwe kuukanyaga.

Kobe niliwaendea mwisho. Ni wa jamii ya Aldabra, na inasemekana wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakiwa zawadi. Wakazaana, kisha wakaibwa kwa ajili ya biashara ya wanyama mpaka wakakaribia kwisha, na leo wanalindwa kwenye uzio. Mzee aliyekuwa akiwagawia mchicha aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha namba za rangi ya buluu magambani.

"Hiyo ni miaka yake, mwanangu. Kila mmoja tunamjua."

Nikamuuliza kama kuna mahali kisiwani palipoandikwa majina ya abiria waliokaa karantini.

"Ya watu?" akasema, akimsogezea kobe jani. "Hapa hapana. Labda huko kwenye makaratasi yenu."