Maziwa ya boksi: haki yake tuyape, lakini tukishayakata tusiyaamini

Mwezi wa saba nilipanda Timau kumtembelea dadangu, ambaye mumewe ni kibarua kwenye shamba moja la maua. Kwa asiyepajua, Timau iko Kaunti ya Meru, kwenye barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa pwani tukifika kule twalala na soksi. Ni nchi ya ngano, viazi, maua na ng'ombe wa maziwa.

Usiku wangu wa pili, mpwa wangu wa miaka mitatu alianza kutapika na kuendesha. Alfajiri tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, kisha akauliza amekula nini. Dadangu alipotaja maziwa ya boksi, swali lililofuata lilikuwa moja tu: "Mliyakata lini?" Yalikuwa yamekatwa juzi yake asubuhi, yakakaa mezani. Nyumba haina friji, na dadangu aliona baridi ya Timau yatosha.

Mamangu alipopigiwa simu Mombasa, hukumu yake ilitoka papo hapo: "Hayo maziwa yana dawa. Maziwa gani hukaa miezi bila kuoza?" Mtoto alipona baada ya siku mbili, alhamdulillahi. Lakini nimeona niandike, kwa sababu maneno ya mamangu nayasikia kila Ramadhani madukani mwetu, na kosa la dadangu lafanyika hata huku kwetu kwenye joto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ni nini kinachoyafanya yakae?

Si dawa. Ni joto na kufungwa.

Maziwa ya kawaida ya pakiti, yale ya kukaa kwenye friji ya duka, huchemshwa kiasi cha nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto hilo huua vijidudu vya maradhi, lakini haliui kila kitu, ndiyo maana huishi siku chache tu, tena kwenye baridi. Maziwa ya muda mrefu, yenye herufi UHT kwenye pakiti, hupandishwa kupita nyuzi 135 kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa haraka. Hapo hufa hata mbegu sugu za vijidudu ambazo hustahimili kuchemka kwa sufuria. Halafu hutiwa ndani ya pakiti iliyosafishwa vijidudu, mahali ambapo hewa chafu haiingii.

Boksi lenyewe si karatasi tupu. Lina matabaka: karatasi ya kulipa nguvu, plastiki ya kuzuia majimaji, na utando mwembamba wa alumini wa kuzuia mwanga na hewa. Karatasi hiyo husafishwa kwa haidrojeni peroksaidi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto kabla ya maziwa kuingia. Huenda uvumi wa "dawa" ulianzia hapo. Dawa hiyo ni ya kusafishia chombo, haitiwi ndani ya maziwa.

Elimu ya kutumia joto namna hii ilianza mbali na maziwa. Mfaransa Louis Pasteur, katika miaka ya 1860, alikuwa akitafuta kwa nini mvinyo wa nchi yake huharibika, akagundua kuwa kuupasha moto kiasi huzuia. Maziwa yalifuata baadaye.

Boksi si boksi

Jirani ya dadangu aliwahi kuwa mhudumu katika hoteli ya watalii. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba boksi la mvinyo lenye kifereji hukaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa, basi la maziwa litashindwaje siku mbili? Kinywaji chenyewe si chetu, lakini tofauti ya maboksi hayo yafaa kujulikana.

Ndani ya boksi la mvinyo mna mfuko laini. Kila glasi inapotoka, mfuko hunywea, na hewa haipati nafasi ya kuingia. Tena mvinyo una ulevi na uchachu, vitu ambavyo vijidudu vingi haviviwezi. Boksi la maziwa likikatwa pembe, hewa huingia saa hiyo hiyo, na mkono, kisu na inzi navyo vyapata njia. Maziwa yana sukari, protini na maji, na hayana uchachu wa kuyalinda. Kwa kijidudu, hiyo ni karamu.

Kwa hiyo tarehe iliyopigwa mhuri kwenye boksi ni ya boksi lililofungwa. Ukishalikata, tarehe hiyo haikuhusu tena.

Muda wa kukaa

Likiwa limefungwa, mahali pakavu penye kivuli, boksi la maziwa ya muda mrefu hukaa miezi kadhaa. Fuata tarehe yake, kwa sababu pakiti laini ya plastiki na boksi gumu havilingani.

Likishakatwa na kuwekwa kwenye friji, likiwa limezibwa, hesabu siku tatu hivi, au fuata maelezo ya pakiti yakitaja siku chache zaidi ya hapo. Bila friji, usiyaache mezani zaidi ya saa mbili. Yaliyobaki wakati huo yapikie chai au uji, yaishe siku hiyo hiyo.

Na baridi ya Timau? Friji nzuri hukaa chini ya nyuzi 5. Chumba chenye jiko na watu wanne, hata mlimani, hakifiki huko. Baridi inayokufanya wewe uvae sweta bado ni joto zuri kwa kijidudu.

Kuna mtego mwingine. Maziwa mabichi yakiharibika huchacha na kuganda, pua yakwambia. Maziwa ya boksi vijidudu vyake vya kuchachisha vilikwisha kufa, kwa hiyo yakiingiwa na vingine huweza kuwa machungu bila kunuka uchachu. Usingoje harufu. Na usiyaache yalale ukitarajia maziwa lala. Ukitaka kugandisha, tia kijiko cha mtindi mzuri kama mbegu.

Ubora

Siku ya nne shemeji alinipeleka kituo cha kukusanyia maziwa. Wakulima walikuja na mikebe ya alumini, wengine kwa pikipiki, wengine kwa punda. Karani alitumbukiza kipimo kinachoelea, ambacho hupanda au kuzama kulingana na uzito wa maziwa, kuwajua waliotia maji. Kisha akachanganya maziwa kidogo na spiriti sawa kwa sawa. Yakiganda, mkebe unarudi nyumbani. Sababu ni kuwa maziwa yaliyoanza kuchacha hayawezi kustahimili joto kali la kiwandani. Mzee mmoja alirudishiwa mkebe mzima mbele yangu, akaondoka kimya. Pale nilifahamu kwamba maziwa mabovu hayageuzwi mazuri na boksi.

Upande wa lishe, protini na kalisi hubaki karibu vile vile. Baadhi ya vitamini hupungua kidogo. Ladha hubadilika, huwa na utamu wa kitu kilichopikwa, na rangi yaweza kukolea kidogo boksi likikaa sana. Hilo si ubovu. Ubovu ni boksi lililofura, lililovuja, au maziwa yaliyokuwa mazito kama jeli.

Soma lebo pia. Tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Tazama kama ni maziwa halisi, maziwa yaliyotengenezwa kwa unga, au kinywaji chenye maziwa ndani yake. Vyote hukaa rafu moja, lakini si kitu kimoja. Na mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maziwa haya, ya boksi wala ya ng'ombe wa jirani.

Thamani

Anayeishi Timau na jirani mwenye ng'ombe msafi hana sababu kubwa ya kununua boksi. Anunue yanayotosha siku, ayachemshe hasa, kwa kuwa kule juu vitu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, ayamalize. Anayeishi Kisauni au Likoni, umeme ukienda na kurudi, boksi lina faida yake, maadamu analinunua kwa kipimo chake.

Hapo ndipo wengi tunapopoteza. Tuchukue mfano: boksi la lita 1 ni shilingi 130, la nusu lita ni 70. Kubwa limekuokolea shilingi 10. Lakini ukimwaga robo yake umemwaga shilingi 32 na nusu. Nyumba isiyo na friji inunue pakiti ndogo, hata kama bei kwa lita yazidi. Tena soma mililita, kwa kuwa si kila pakiti ndogo ni nusu lita.

Wenzangu tuliosoma msingi miaka ya themanini twakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa 1979 enzi za Rais Moi. Ile pakiti ya pembe tatu ilikuwa ya mtoto mmoja kwa mara moja. Ulikata pembe, ukanywa, ukatupa. Hapakuwa na ya kulaza. Kipimo kile kilikuwa na akili kuliko boksi la lita juu ya meza isiyo na friji.

Dukani, kataa boksi lililoanikwa juani kibarazani, lililobonyea kwenye mshono, au lenye tarehe iliyofutika. Nyumbani, osha mikono na mkasi kabla ya kukata, na andika siku uliyolikata kwa kalamu juu ya boksi.

Dadangu sasa hununua pakiti ndogo, na juu ya kila moja pana tarehe kwa wino wa buluu. Mamangu bado anasema yana dawa. Nimemwachia, ila chai yake ya jioni nampikia kwa pakiti niliyoikata mbele yake, na haijapata kubaki ya kulaza.