Kukarabati si Kurekebisha: The African Queen na Wapagazi wa Songwe

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kubishana juu ya matini. Utenzi mmoja ukinakiliwa na watu watatu, tunauliza: nakala ipi ifuatwe, na mhariri anaruhusiwa kugusa wapi? Suala hilohilo limeikumba sinema, na wahakiki tumelinyamazia kana kwamba halituhusu. Filamu maarufu ikitimiza miaka 20 au 50, wenye mali huitoa upya, na mara nyingi huchanganya mambo mawili: kukarabati na kurekebisha. Katika makala haya nitajaribu kuyatenganisha.

Tuanze na kurekebisha. Filamu ya Star Wars ilitolewa mwaka 1977. Mwaka 1997, katika kuadhimisha miaka 20, George Lucas aliitoa tena akiwa ameongeza picha za kompyuta. Katika toleo la kwanza, mhusika Han Solo anamwahi adui yake kwa risasi mezani. Katika toleo la 1997, adui ndiye anayeanza. Ni sekunde chache tu, lakini mhusika kabadilika: mjanja wa magendo amegeuzwa mtu anayejihami! Steven Spielberg naye, kwa miaka 20 ya E.T. mwaka 2002, aliwanyang'anya maaskari bunduki akawapa simu za upepo. Toleo la mwaka 2012 lilizirudisha bunduki, na mwaka 2023 Spielberg alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuigusa filamu ile.

Kukarabati ni kazi nyingine kabisa. Chukua The African Queen ya John Huston, iliyotolewa mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Ilipigwa Kongo, Uganda na katika studio za Uingereza, kwa kamera ya Technicolor ambayo ilinasa rangi katika mikanda mitatu kwa mpigo. Mikanda ya namna hiyo hunywea kwa miaka, tena hainywei sawasawa, na rangi huanza kupishana kingoni. Wakarabati waliisoma mikanda hiyo kwa kompyuta, wakaioanisha upya, na toleo lililosafishwa likatoka mwaka 2010. Hawakuongeza mhusika wala tukio. Walifuta vumbi tu.

Sasa, vumbi likifutwa, kinaonekana nini? Hadithi inaanza Septemba 1914 katika kijiji cha misheni, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wanakijiji wanaimba kanisani, lakini uimbaji wao umefanywa kichekesho, mvumo usio na maneno. Wanajeshi wa Kijerumani wanafika, wanachoma nyumba na kuwaswaga watu. Mchungaji Mwingereza anakufa, naye tunamlilia. Wanakijiji je? Hawaonekani tena. Kuanzia hapo filamu ni ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mtoni.

Kwetu Ngana jambo hili si la kubuni. Mto Songwe, uliofanywa mpaka na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, umewatenganisha Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde. Septemba hiyohiyo ya 1914 jeshi la Wajerumani liliuvuka mto huo na tarehe 9 likaishambulia Karonga. Majeshi ya pande zote mbili yalibebewa mizigo na Waafrika. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Upande wa Waingereza, jina la kikosi cha wapagazi limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo, ambalo tunalitaja kila tukienda sokoni bila kukumbuka migongo iliyolizaa.

Atatokea mtu aseme: basi, kompyuta ipo, kwa nini tusiwape wale wanakijiji maneno filamu ikitolewa upya? Nia ni njema, ila mimi nakataa. Tukiwatia maneno midomoni leo, tutakuwa tunaitakasa sinema ya 1951. Mjukuu wetu ataitazama na kudhani wakati ule walikuwa wakitusikiliza! Ukimya ule ni ushahidi, na ushahidi haurekebishwi. Unasafishwa ili usomeke vizuri zaidi.

Dawa ya kazi yenye upungufu ni kazi nyingine. Forester na Huston wamesimulia vita kwa macho yao, sisi tuandike riwaya, tamthilia na filamu za wapagazi. Na kwa sababu hiyohiyo tudai ukarabati wa sinema za Kiafrika zenyewe. La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, ilikarabatiwa mwaka 2015 huko Bologna, Italia. Tanzania Film Company ilianzishwa mwaka 1968, na kazi zake zinastahili heshima hiyohiyo. Mhakiki anayejua kutetea herufi moja ya utenzi asishindwe kutetea mkanda wa filamu.