Meno Katika Njia ya Misafara: Tabora na Historia ya Uimara wa Jino Lililotibiwa Mzizi

Kiswahili huiita pembe, lakini kilichobebwa mabegani kutoka Tabora hadi Bagamoyo katika karne ya 19 kilikuwa jino. Pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya la juu lililorefuka, na sehemu yake kubwa ni dentini, tishu ileile inayojenga mzizi wa jino la binadamu. Insha hii inatumia ukweli huo kuhoji dhana iliyodumu katika tiba ya meno, kwamba jino lililotolewa kiini hupata nguvu kutokana na kitu kinachopachikwa ndani yake.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857. Walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu yaliyotegemea miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, nao ulipita Mgunda Mkali, Ugogo na Mpwapwa kabla ya kuiona bahari. Takriban theluthi moja ya pembe hukaa ndani ya fuvu la mnyama, na huko ina uwazi wa umbo la pia uliokuwa na kiini chenye mishipa. Soko la dunia liliusoma uwazi huo vizuri. Sehemu yenye ukuta mwembamba ilikatwa bangili nchini India. Sehemu iliyojaa ilifaa kwa mipira ya biliadi na vibao vya piano. Matumizi yalifuata unene wa dentini, na hakuna fundi aliyetarajia kuurudisha unene huo kwa kujaza tundu.

Burton aliyataja pia meno ya kiboko miongoni mwa bidhaa za eneo hili. Madaktari wa meno wa Ulaya waliyapenda kwa ugumu wake, wakayachonga kuwa meno ya bandia. Jino la namna hiyo liliweza kusimamishwa juu ya mzizi uliobaki kinywani kwa kijiti kilichoingizwa katika mfereji wake, mbinu ambayo Pierre Fauchard alikwisha kuieleza Ufaransa mwaka 1728. Vijiti vya mti vilivyotumika baadaye vilinyonya mate, vikavimba na kushika barabara. Uvimbe huohuo mara nyingi uliupasua mzizi. Kilichowekwa kuwa nguzo kiligeuka kabari.

Vijiti vya chuma viliondoa tatizo la kuvimba, si tatizo la kabari. Chuma ni kigumu mno kuliko dentini, hivyo nguvu ya kutafuna huweza kulimbikizwa ndani ya mzizi. Vile vya nyuzi za kioo hupinda kwa kiasi kinachokaribia dentini, na vinaposhindwa, jino mara nyingi bado hurekebishika. Hata hivyo, kazi ya kijiti chochote ni kushikilia ujenzi wa juu tu. Mwaka 1989, Reeh, Messer na Douglas walipima magego madogo katika maabara: kutoboa njia ya kufikia mfereji kulipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 hivi, ilhali kuondoa kingo zake za mbele na nyuma kulipunguza asilimia 63. Ndiyo maana gego lililotibiwa mzizi hufunikwa kofia inayokumbatia milimita 1.5 hadi 2 za jino zima kuzunguka shingo yake. Ukingo huo ukiwepo, uchaguzi wa kijiti hauna uzito mkubwa.

Wapagazi wenyewe, kwa mujibu wa Burton na Speke, walikuwa wamechongwa pengo la pembetatu kati ya meno mawili ya mbele ya juu. Vijiti na kofia za Ulaya havikuwahusu. Kwa wengi wa wajukuu wao tiba ya jino bovu imebaki kung'olewa. Katikati ya miaka ya 1980 ndipo ilipoanzishwa nchini Tanzania mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme, na kuziba tundu kwa saruji inayogandamana na jino. Mbinu hiyo haitibu mzizi. Huhifadhi dentini kabla uozo haujaufikia.