Mikono Iliyovuka Bahari

Tarehe 8 Desemba 2020, katika hospitali moja ya mji wa Coventry, Uingereza, bibi wa miaka 90 aitwaye Margaret Keenan alichanjwa chanjo ya Pfizer dhidi ya Korona, wa kwanza duniani nje ya majaribio. Picha yake ilizunguka dunia. Wachache kati yetu tulimtazama aliyeshika sindano: May Parsons, muuguzi aliyetoka Ufilipino.

Wapendwa vijana, hakufika pale kwa bahati tu. Tangu 1898 hadi 1946 Ufilipino ilikuwa chini ya Marekani. Watawala hao walianzisha shule za uuguzi kwa mtindo wao na kwa lugha yao ya Kiingereza. Hivyo, labda pasipo kukusudia, wakaandaa watumishi watakaowahitaji wenyewe baadaye. Mwaka 1948 Marekani ilianza kuwapokea wauguzi hao kwa mpango wa mabadilishano, na sheria ya uhamiaji ya 1965 ikapanua mlango. Kisha, mwaka 1974, serikali ya Ferdinand Marcos, ikibanwa na ukosefu wa ajira na wa fedha za kigeni, ikaweka katika sheria ya kazi utaratibu wa kupeleka watu ng'ambo. Kilichodhaniwa kuwa cha muda kikawa nguzo ya uchumi.

Wakati huohuo nchi tajiri zilikuwa zinazeeka: watoto wachache, wazee wengi, nyumba kimya mchana kutwa. Wafilipino wakaingia katika nyumba hizo, Italia, Israeli na kwingineko. Japani ilichelewa, ilipokea walezi wa kwanza chini ya mapatano ya nchi mbili mwaka 2009, nayo iliwadai wafaulu mtihani wa taifa kwa Kijapani ndani ya miaka 4. Hebu fikirini: kumwosha mzee, kumlisha, kumgeuza kitandani usiku, kisha kuketi kujifunza maandishi yale!

Husemwa kwamba Wafilipino wamezaliwa na moyo wa ulezi. Sifa hiyo tunaitilia shaka. Ni kweli wanayo desturi ya mano, ambapo kijana huinama na kugusisha paji la uso wake kwenye mkono wa mzee. Lakini ulezi ni ujuzi unaosomewa, na kuuita tabia ya kuzaliwa ni njia rahisi ya kuulipa kidogo.

Gharama yake ilionekana Kanada. Kuanzia 1992 hadi 2014, mpango wa walezi ulimtaka mlezi aishi nyumbani mwa mwajiri na kutimiza miaka 2 ya kazi kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Wengi walikuwa akina mama. Waliwalea watoto na wazee wa wengine, huku watoto wao wakikua mikononi mwa nyanya na shangazi, mama akiwa sauti ya simu. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi wa ng'ambo mashujaa wapya. Jina ni zuri. Lakini shujaa naye huzeeka, na mama yake kule kijijini amekwisha kuzeeka.

Mjini Roma, kanisa la kale la Mtakatifu Pudensiana ndilo kanisa la jumuiya ya Wafilipino. Jumapili hukutana humo, huimba, huulizana habari za nyumbani. Jumatatu alfajiri, mzee fulani wa Roma huwangojea wamwinue kitandani.